Tuzo za waigizaji: Tunagawa sifa, tunasahau ujira

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Temeke

SHUKRANI zote anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu msomaji, kila inapokaribia hafla ya tuzo za waigizaji wa filamu na tamthilia, mitaa yetu ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Mwananyamala, hugawika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vijana. Hawa wanawajua washindani wote kwa majina, wanabishana vijiweni nani anastahili na nani kabebwa, na wengine wanamaliza salio la simu kumpigia kura wampendaye. Kundi la pili ni sisi watu wa misikitini. Sisi husubiri picha za usiku ule zitoke, tukatazama nguo zilizovaliwa, tukasikitika, na khutba ya Ijumaa ikawa imepatikana. Wiki ya pili yake kila kundi limerudi katika shughuli zake, na mwaka unaofuata mambo ni yale yale.

Katika darasa letu la leo nataka tulitazame jambo hili kwa upande mwingine. Swali letu si nani kashinda wala nani kavaa nini. Swali ni hili: jamii inapomsimamisha mtu jukwaani, ikampa sanamu inayong'aa na kumpigia makofi, inakuwa imemlipa nini? Imemtimizia haki yake, au imempa sifa mahali pa haki? Na sisi Waislamu tunaozilaumu hafla hizo, katika mambo yetu wenyewe tumesalimika na kosa hilo?

Kabla ya kuendelea niweke wazi kwamba makala hii si fatwa juu ya uigizaji. Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana katika jambo hilo. Sheikh Bakr Abu Zayd wa Saudi Arabia aliandika risala maalumu kuupinga uigizaji. Dk. Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake cha halali na haramu, ameiruhusu sinema kwa masharti: yale yanayooneshwa yasiwe ya maasi, mtu asiache faradhi zake kwa sababu yake, na pasiwe na mchanganyiko wa wanaume na wanawake usio na adabu. Ukichukua kauli yoyote kati ya hizo, yako mambo yasiyo na ubishi. Kuonesha uchi ni haramu, pombe ni haramu, na kuipamba zinaa machoni mwa watoto ni haramu. Hayo tunayajua na tumeyasema sana. Tatizo letu ni kwamba tunaishia hapo, ilhali wengi wa wanaopanda majukwaa hayo ni watoto wetu, waliopita katika madrasa zetu na kuhifadhi Juzuu Amma kama tulivyohifadhi sisi.

Tuzo hizi zimetoka wapi?

Ni vizuri kujua asili ya jambo kabla ya kulisifu au kulilaumu. Mtindo huu wa tuzo za filamu tumeuchukua kutoka Marekani. Hafla ya kwanza ya tuzo ambazo leo dunia nzima inaziita Oscar ilifanyika Mei 16, 1929 katika hoteli ya Hollywood Roosevelt. Ilikuwa chakula cha usiku cha wageni wapatao 270, na shughuli yenyewe ya kukabidhi tuzo ilichukua kama dakika 15 tu.

Lakini linalotuhusu zaidi ni sababu iliyokuwa nyuma ya pazia. Chuo kilichoanzisha tuzo hizo kiliasisiwa mwaka 1927, na mwenye wazo hilo alikuwa Louis B. Mayer, mkuu wa kampuni ya filamu ya MGM. Wakati ule wafanyakazi wa filamu walikuwa wakijikusanya katika vyama vya kudai haki zao. Matajiri waliona bora kiwepo chombo chao wenyewe, ambamo malalamiko ya waigizaji na waandishi yatatulizwa bila ya vyama. Medali zikawa sehemu ya utulivu huo. Haikupita miaka mingi waigizaji wakagundua kuwa medali haipunguzi saa za kazi wala haizuii mshahara kukatwa. Mwaka 1933 wakaanzisha chama chao cha kutetea masilahi yao, na wengine wakajitoa katika chuo kile kile kilichokuwa kikiwapa tuzo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limekuja kwa hatua. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianza mwaka 1998 na tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Huku bara, vikundi vya maigizo ya televisheni kama Kaole vilitoa majina yaliyokuja kuijenga tasnia ambayo watu wameiita Bongo Movie. Mwaka 2016 Single Mtambalike na Elizabeth Michael walirudi na tuzo kutoka Lagos, Nigeria. Mwaka 2018 Azam, kupitia chaneli yake ya Sinema Zetu, ikaanzisha tamasha lenye tuzo zake. Kisha mwaka 2021 Bodi ya Filamu, ambacho ni chombo cha Serikali, nayo ikaanza kutoa Tuzo za Filamu Tanzania, na hafla ya kwanza ikafanyika Mbeya mwezi Desemba.

Kwa hiyo tuzo zimekuwa nyingi. Tujiulize kama na haki nazo zimeongezeka.

Uislamu na kumsifu mtu

Wapo wanaodhani Uislamu unachukia mtu kutambuliwa kwa kazi yake. Hiyo si kweli. Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah (Abu Daud na Tirmidhi). Amefundisha pia kuwa anayetutendea wema tumlipe, na tukikosa cha kumlipa basi tumuombee dua (Abu Daud). Abu Dharr (r.a) alipomuuliza juu ya mtu anayefanya jambo la kheri kisha watu wakamsifu, alimjibu kuwa hiyo ni bishara njema ya muumini iliyotangulizwa hapa duniani (Muslim). Hata sanaa ilipata heshima yake. Mshairi Hassan bin Thabit (r.a) aliwekewa mimbari ndani ya msikiti wa Madina ili aitetee dini kwa ulimi wake.

Tena iko hadithi maarufu aliyoipokea Tirmidhi, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w) aliwataja masahaba kila mmoja kwa fani yake: Ubayy bin Kaab kwa kisomo cha Qur'an, Muadh bin Jabal kwa elimu ya halali na haramu, Zayd bin Thabit kwa elimu ya mirathi, na Abu Ubayda bin al-Jarrah kuwa ndiye mwaminifu wa umma huu. Anayeitazama kwa haraka atasema hizi ni tuzo, kila fani na mshindi wake.

Lakini angalia tofauti. Kila sifa katika hizo ilifuatana na jukumu. Abu Ubayda aliitwa mwaminifu wa umma pale watu wa Najran walipoomba wapelekewe mtu wa kuaminika, akasimamishwa na kupewa safari. Muadh alitumwa Yemen kufundisha na kuhukumu. Zayd alibebeshwa na Abu Bakr (r.a) kazi ya kuikusanya Qur'an, kazi ambayo mwenyewe aliiona nzito kuliko kuhamisha mlima. Katika Uislamu, mtu akishatajwa kwa ubora wake, kesho yake anapewa amana ya kuibeba. Hapewi kitu cha kuweka juu ya kabati.

Pamoja na hayo, Mtume (s.a.w) alitahadharisha sana juu ya sifa tupu. Alipomsikia mtu akimsifu mwenzake kupita kiasi, alimwambia kuwa amemkata shingo ndugu yake. Kisha akafundisha kuwa ambaye hana budi kumsifu mwenzake aseme tu kwamba anamdhania hivyo, na Allah ndiye mwenye hesabu yake (Bukhari na Muslim). Na katika hadithi ya Abu Huraira (r.a) iliyomo katika Sahihi Muslim, watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni watatu: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na aliyetoa mali. Wote watadai kuwa walifanya kwa ajili ya Allah, na wote wataambiwa kuwa walitaka watu waseme, na watu walishasema. Yaani ujira wao waliupokea duniani, nao ulikuwa maneno.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba hao watatu si waigizaji. Ni mpiganaji, mwanachuoni na tajiri mkarimu. Basi tunapoisoma hadithi hii tusiitupe upande wa jukwaa la filamu peke yake.

Suratul-Qasas: mkataba kwanza

Sasa tufungue Suratul-Qasas, sura ya 28. Sura hii mwanzoni mwake imetaja ujira wa mfanyakazi, na karibu na mwisho wake imetaja maonesho ya tajiri mbele ya watazamaji. Mara nyingi tunavisoma visa hivi viwili mbalimbali. Leo tuvisome pamoja.

Nabii Musa (a.s) alikimbia Misri akafika Madyan akiwa hana chochote. Penye kisima akawakuta wasichana wawili wamezuia wanyama wao, wakingoja wachungaji wamalize. Akawanyweshea, kisha akaenda kivulini na kumuomba Mola wake (28:23-24). Hakudai malipo. Baadaye mmoja wa wale wasichana akamjia, anatembea kwa kuona haya, akamwambia kuwa baba yake anamwita ili amlipe ujira wa kunywesha (28:25). Wafasiri wamehitilafiana juu ya mzee huyu, wapo waliosema ni Nabii Shuaib (a.s) na wapo waliosema ni mtu mwingine mwema. Vyovyote iwavyo, kitendo chake ni darasa tosha. Mwenye kufanyiwa kazi ndiye aliyemtafuta mfanyakazi kumlipa. Hakungoja adaiwe, wala hakuona kuwa shukrani ya mdomo imetosha.

Kisha likaja suala la ajira. Msichana mmoja akashauri Musa (a.s) aajiriwe, akataja sifa mbili za mfanyakazi bora, nguvu na uaminifu (28:26). Mzee akaweka masharti yake wazi: amuoze mmoja wa binti zake kwa kumtumikia miaka minane, na ikitimia kumi ni hiari ya Musa mwenyewe, na wala hakutaka kumtaabisha. Musa akayakubali, akasema kuwa muda wowote kati ya miwili atakaoumaliza asidhulumiwe, na Allah awe shahidi wa wanayoyasema (28:27-28). Ibn Abbas (r.a) ameeleza, katika riwaya ya Bukhari, kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Hapa tunapata mambo manne: malipo yanayojulikana, muda unaojulikana, kutomtaabisha mfanyakazi, na ushahidi. Mtume (s.a.w) akayatia nguvu mafundisho haya alipoamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka (Ibn Majah). Na katika Hadithul-Qudsi iliyopokewa na Bukhari, Allah (s.w) amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemuajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake.

Tafakari jambo hilo. Aliyedhulumiwa ujira, hata kama hana wakili wala chama, Allah ndiye mtetezi wake.

Mzee Majuto na mikataba yake

Wengi tunamkumbuka Amri Athumani, maarufu kwa jina la Mzee Majuto au King Majuto, mwenyeji wa Tanga. Ni Muislamu mwenzetu ambaye kwa miongo kadhaa aliwachekesha Watanzania, wakubwa kwa wadogo. Hakuna kibanda cha video Mbagala au Tandika ambacho hakikuonesha kanda zake. Hakuna aliyehitaji kupiga kura kujua kuwa mzee huyu ni maarufu, maana watoto waliiga mpaka sauti yake.

Mwaka 2018 alipougua, akatibiwa Muhimbili na nchini India, taifa likashtuka kusikia kuwa mtu ambaye kazi zake zimeonwa na mamilioni alikuwa akihitaji michango ya matibabu. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ambayo mzee huyo na wasanii wengine walikuwa wameingia, baada ya kuonekana kuwa kazi ilikuwa kubwa na kilichorudi kwao kidogo. Mzee Majuto alifariki dunia Muhimbili Agosti 8, 2018 na akazikwa kwao Tanga. Miaka minne kabla yake, mwaka 2014, alitangulia Mzee Small, yaani Said Ngamba, naye baada ya kuugua kwa muda mrefu. Allah awarehemu wote wawili na awasamehe.

Simtaji mzee huyu ili tumsikitikie. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonesha jinsi sifa na haki zinavyoweza kutengana kabisa. Sifa alikuwa nazo nyingi kuliko wengi waliowahi kushika sanamu ya dhahabu. Kilichokosekana ni kile ambacho mzee wa Madyan alikitanguliza.

Wanaoijua biashara ya filamu za hapa nyumbani wanajua ilivyokuwa ikiendeshwa. Mtayarishaji aliiuza filamu kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo nakala zikiuzwa elfu kumi au laki moja, yeye hahusiki tena. Mwigizaji alilipwa chochote kilichopatikana, mara nyingi kwa maneno ya mdomo tu. Kanda zilizochapwa kiharamu zikamaliza kilichobaki. Nchi ilishakuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA. Lakini sheria haimsaidii asiyekuwa na karatasi ya kuonesha. Allah (s.w) amelisema hili kabla ya sheria zote hizo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an haikuja kuzungumzia Swala wala Hijja. Imekuja kuamrisha kuandika madeni na makubaliano na kuweka mashahidi (2:282). Vijana wetu wanaihifadhi aya hiyo tangu wadogo, kisha wakikua wanaweka saini bila kusoma, au wanafanya kazi bila saini kabisa.

Qaruun katika pambo lake

Tuje karibu na mwisho wa sura. Qaruun alikuwa katika watu wa Musa. Qur'an imeanza kwa kulitaja hilo (28:76), ili tujue kuwa fitna si lazima itoke nje. Alipewa hazina ambazo funguo zake zilikuwa mzigo kwa kundi la wenye nguvu. Watu wake wakamnasihi kwa upole, asijigambe, atafute nyumba ya Akhera kwa alichopewa, wala asisahau fungu lake la duniani (28:77). Akajibu kuwa amevipata kwa elimu aliyonayo (28:78). Kisha siku moja akatoka mbele ya watu katika pambo lake. Waliokuwa wakiitaka dunia wakatamani wangekuwa kama yeye. Waliopewa elimu wakawaambia kuwa malipo ya Allah ni bora kwa aliyeamini na akatenda mema (28:79-80).

Hapa kuna nukta mbili. Ya kwanza, Qur'an haikuorodhesha Qaruun alivaa nini siku ile. Imeorodhesha maneno ya watazamaji. Pambo la mtu mmoja halina nguvu pasipo macho ya wengi yanayolitamani. Hafla hizi zinaendeshwa na wadhamini, na mdhamini hafuati sanaa, anafuata macho ya watu. Ndiyo maana hapa kwetu tuliwahi kuwa na tuzo kubwa za muziki zilizobeba jina la bia, na vijana wa Kiislamu wakapanda kuzipokea kwa furaha, ilhali Mtume (s.a.w) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, wakiwemo mwenye kuiuza na mwenye kuibeba (Tirmidhi na Ibn Majah). Anayeitangaza ajiulize yumo katika kundi gani.

Nukta ya pili, wenye elimu hawakuchelewa. Walizungumza na watazamaji pale pale, na kabla ya hapo Qaruun mwenyewe alikwisha nasihiwa. Sisi tunafanya kinyume. Hatumwendei msanii kumnasihi akiwa hai, wala hatukai na mtoto anayemtazama. Tunangoja hafla ipite, kisha tunamsema msikitini mahali ambapo yeye hayupo na mtoto yule hayupo.

Na sisi je?

Wengine watasema, sisi tunazo tuzo zetu zilizo safi. Ni kweli, na tunamshukuru Allah. Katika wilaya yetu hii ya Temeke, Uwanja wa Taifa ulijaa Waislamu mwezi Mei 2019 katika fainali za mashindano ya Qur'an ya Afrika yaliyoandaliwa na Taasisi ya Al-Hikma, na aliyekuwa Rais wakati huo, Dk. John Magufuli, alihudhuria. Watoto kutoka nchi mbalimbali walisoma, na washindi wakapewa zawadi kubwa. Hilo ni jambo la kheri, na linawaonesha watoto wetu kuwa mtu anaweza kuheshimiwa mbele ya maelfu kwa kuibeba Qur'an.

Lakini tuingie ndani zaidi. Mtoto anayesoma vile kafundishwa na mtu. Ustadh huyo yuko wapi? Mara nyingi utamkuta katika banda la mabati uani kwa mtu, ana watoto sitini au themanini, na anategemea ada ndogo ya wiki ambayo nusu yao hawaileti. Amepanga chumba kimoja na mkewe na watoto. Akiugua tunapitisha kofia msikitini. Akilalamika tunamkumbusha kuwa ujira wake uko kwa Allah, kana kwamba sisi ni wakala wa Allah wa kuuchelewesha. Siku ya maulidi au ya mahafali tunamwita mbele, tunampa kanzu na cheti, tunapiga takbira tatu. Kesho yake kodi ya chumba inamngoja pale pale.

Tena mara nyingi hana mkataba. Hajui analipwa kiasi gani mwezi huu, hajui kamati ikibadilika atabaki au ataondoka. Yale mambo manne ya Madyan, malipo, muda, kutotaabishwa na ushahidi, hana hata moja. Basi ni kwa uso gani tutawaambia wenye filamu kuwa wanawadhulumu wasanii wao? Allah (s.w) amewaonya wanaopunja, ambao wakijipimia wao hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza (83:1-3).

Yupo atakayesema kuwa kumlinganisha ustadh na mwigizaji ni kumvunjia heshima ustadh. Sivyo. Kazi zao hazilingani hata kidogo, lakini dhulma ni dhulma. Na kijana wa mtaani anapima. Anamuona mwigizaji kwenye simu akiwa na gari, hata kama gari lenyewe ni la kuazima. Anamuona ustadh wake akitembea kwa miguu kutoka Mtoni hadi Tandika. Akichagua njia ya kwanza, tusishangae. Sisi ndio tuliomuonesha kuwa kuifundisha Qur'an ni njia ya dhiki.

Nini kifanyike?

Kwanza, kila kamati ya msikiti na madrasa iandike mkataba na walimu wake. Uwe na kiasi, hata kikiwa kidogo, uwe na muda, na uwe na mashahidi. Kiasi hicho kilipwe kwa tarehe yake kabla ya matumizi ya shughuli na mapambo. Tukishafanya hivyo, kanzu ya mahafali itakuwa hidaya kwelikweli.

Pili, tunao mawakili na wanafunzi wa sheria Waislamu katika kila kata. Wajitolee siku moja kwa mwezi kukaa msikitini baada ya Swala ya Alasiri, kijana yeyote mwenye karatasi ya kusaini, awe fundi, dereva au mwigizaji, aje asomewe na aelezwe. Huyo mwigizaji akija mara ya kwanza kwa ajili ya mkataba, huenda akaja mara ya pili kwa ajili ya Swala. Huo nao ni ulinganiaji.

Tatu, mzazi ajue mtoto wake anatazama nini. Kibanda cha video kilikuwa na mlango, mzazi aliweza kumfuata mtoto na kumtoa. Simu haina mlango. Kaa naye, tazama naye, muulize: huyu unayempenda anafundisha nini, na kwa nini anasifiwa? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo atajifunza kupima sifa mwenyewe.

Nne, wenye vipaji wasifukuzwe, waelekezwe. Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Aleppo, Syria, mwaka 1976 alitoa filamu ya The Message juu ya kuja kwa Uislamu, akachunga asioneshe sura wala sauti ya Mtume (s.a.w). Zipo khitilafu za wanazuoni juu yake, lakini filamu hiyo imewafikishia kisa cha Uislamu watu wengi ambao hawangefungua kitabu. Mwambao wetu una visa vingi vya wanazuoni, wafanyabiashara na mashujaa vinavyongoja mtu wa kuvisimulia kwa adabu.

Tano, tunapomsifu mtu, tufuate sunna. Tumtaje kwa alichokifanya, tuseme tunamdhania hivyo, tumuombee dua, na tumpe kazi ya kuendeleza kheri yake. Na kabla ya yote hayo tuhakikishe hatudai kitu.

Ndugu msomaji, makofi hayana gharama, ndiyo maana tunayatoa kwa wingi. Haki ina gharama, nayo ndiyo itakayoulizwa. Tumuombe Allah (s.w) atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, awaongoze vijana wetu walio katika sanaa, awalipe walimu wetu malipo ya dunia na ya Akhera, na atuepushe kuwa miongoni mwa watakaoambiwa kuwa walichokitaka kilikwisha semwa.

Wabillahi tawfiq.